Bata wa Mama Mchungaji

Bata wa kwanza alipopotea hakuna aliyejali isipokuwa mwenye bata. Mama Mchungaji, mke wa mkuu wa shule, alizunguka nyuma ya jiko akigonga sahani ya bati kwa kijiko, akawahesabu waliokuja, akatutazama sisi wa bweni la wasichana kama mtu anayenusa mchuzi. Sisi tulicheka. Wiki iliyofuata akapotea wa pili, halafu mwingine, na kicheko kikatuishia.

Ilikuwa shule ya theolojia ya Kibaptisti, kando ya Ziwa, huko Mwanza, ukishatoka Igogo na kelele zake na kabla hujafika Nyegezi. Ilikuwa na kanisa dogo la mawe, bwalo, mabweni mawili na majabali makubwa yaliyokaa ovyo kana kwamba kuna mtu aliyaweka pale kwa muda akasahau kurudi kuyachukua. Zamani walikaa humo watu wanaosomea uchungaji peke yao. Miaka ile ya tisini kila kitu kilikuwa kinafunguliwa na kila kitu kilikuwa kinauzwa, na wafadhili wa ng'ambo nao wakaanza kusema shule ijitegemee. Basi shule ikafungua vyumba vyake kwa wanafunzi wa vyuo vingine vya mjini. Ndivyo nilivyoingia mimi, msichana wa Ukerewe niliyekuwa nasomea uhasibu, nisiye Mbaptisti na nisiye na mpango wa kuwa mmoja wao. Wenyeji wetu walituita watu wa dunia. Meza zetu bwaloni zilikuwa upande wa dirisha, zao upande wa mimbari, na ugali ulitoka sufuria moja.

Chumba nilishirikiana na binti wa Kihaya aliyekuwa anasomea ualimu. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye tabia ya kukunja nguo zangu bila kuniuliza, na mimi kwa hasira zangu nilizikunjua makusudi, akazikunja tena. Tukapatana hivyo. Yeye alikuwa na sababu ya kukaa pale: mchumba wake alikuwa mwaka wa mwisho wa theolojia. Alikuwa Msukuma mwenye mabega mapana na kicheko kilichosikika mpaka barabarani, mtoto wa fundi seremala. Mimi aliniita shemeji tangu siku ya kwanza, hata kabla hajatoa posa.

Tatizo lao lilikuwa moja, na bweni zima lililijua. Binti alikuwa Mlutheri. Baba yake alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri huko Kagera, mtu aliyembeba mwenyewe akiwa mchanga mpaka kwenye bakuli la ubatizo, akamshikilia kichwa huku maji yakimwagwa. Kwa Wabaptisti hayo hayakuwa maji. Ili aolewe na mchungaji wao ilibidi azamishwe mzima mzima ziwani, akiwa mtu mzima, kwa hiari yake. Na bila kuoa, mchumba wake asingepewa kituo. Kanisa lililokuwa likimsubiri upande wa Sengerema lilitaka mchungaji mwenye mke.

Alipomweleza baba yake, mzee alishinda migombani kutwa nzima. Jioni akamuuliza, "Kwa hiyo yale niliyofanya mimi yalikuwa nini? Kukuogesha?" Ilichukua mwaka mzima wa kubembeleza kabla hajasema sawa, azamishwe, na arusi ifuatie, naye atakuja kwa meli kuishuhudia.

"Baba amekubali mara moja," mwenzangu aliniambia. "Mara mbili hatakubali. Namjua."

Kwa hiyo Jumapili ya ubatizo, ile inayofanywa mara moja kwa mwaka kabla wa mwaka wa mwisho hawajahitimu, ndiyo ilikuwa kila kitu kwake. Ikipita, basi.

Kanisani kulikuwa na kisima cha ubatizo chenye ngazi na vigae vya bluu, lakini kilikuwa kimepasuka na fedha za kukiziba hazikuja tena. Mkuu wa shule wala hakusikitika. Alikuwa mzee mwenye sauti nzuri na upara unaong'aa, na alikuwa akisema visima vya ndani ni vya nchi za baridi. Mtu wa Mwanza ana Ziwa zima mbele yake. Walibatizia kwenye kighuba kidogo chini ya bwalo, mahali pa mchanga penye majabali pande zote mbili.

Kighuba hicho mwaka ule kilikuwa kimebadilika. Magugu maji yalikuwa yameingia. Mwanzoni tuliyaona mazuri, yana maua ya zambarau, na wageni waliyapiga picha. Halafu yakajaa. Ungekaa juu ya jabali ungeona kivuko cha Kamanga kikihangaika kuyapasua, na upepo ukigeuka zulia zima la kijani linahama na kuja kukaa mlangoni kwako. Yalitoa harufu ya kitu kilicholowana muda mrefu. Chini yake hukuona maji wala chochote kilichokuwemo.

Hapo hapo ndipo jiko lilipotupa mabaki. Viwanda vya minofu vilikuwa vimeanza, sangara wanakatwa nyama yote inapelekwa Ulaya, sisi tunabaki na mapanki, yaani mifupa na vichwa. Shule nayo ilikuwa imeacha kununua samaki mzima. Tulikula mapanki yaliyokaangwa, tukayang'ata kwa subira, na ndoo ya mifupa ikamwagwa pale ukingoni, kwenye magugu, kila siku baada ya chakula cha mchana. Bata wa Mama Mchungaji walishuka kwa mstari kwenda kudonoa. Wakarudi wamepungua.

Mimi nimekulia kisiwani. Kwetu bata akipotea, mtu wa kwanza kuulizwa ni maji. Mama zetu hawakuchota maji mahali pamoja siku zote, wala saa ile ile. Leo hapa, kesho kule, na penye kuchotwa paliwekwa uzio wa miti mpaka kiunoni. Hatukufundishwa kwa nini. Tulikuwa na jirani mwenye mkono mmoja, ilitosha. Basi nikalisema bwaloni, kwa sauti, kama ninavyosema kila kitu: "Huyo si mwizi. Huyo ni mamba."

Meza za wachungaji zilipasuka kwa kicheko. Mmoja akaniuliza ni mamba gani huyo anayechagua bata wa mkuu peke yake na kuwaacha wa majirani. Nikamjibu kwamba majirani hawamwagi mifupa majini. Mkuu mwenyewe alikuwepo, akaweka kikombe chake chini.

"Binti yangu," akasema, "tangu Edeni binadamu akikosa anamsingizia mnyama. Kwanza nyoka. Leo mamba."

Walicheka tena, na nakiri ilikuwa imesemwa vizuri. Mimi nilikasirika mpaka nikaacha chakula.

Jumatatu asubuhi, kwenye ibada, mkuu alisimama akasoma amri ya nane, usiibe. Mwenzangu akaninong'oneza, "Kwetu Walutheri hiyo ni ya saba," nikajizuia kucheka. Lakini yale yaliyofuata hayakuwa ya kucheka. Mkuu alisema hawezi kuwapeleka watu kwenye maji matakatifu kutoka nyumba yenye mwizi asiyetubu. Aliyewala bata atoke, akiri mbele ya wote, atasamehewa na habari itaishia hapo. Asipotoka, ubatizo wa mwaka huu hautakuwepo.

Nilihisi mwili wa mwenzangu ukikakamaa pembeni yangu, begani mpaka mkononi.

Mtu asiyewahi kuishi na watu wale hawezi kuelewa uzito wa jambo hilo. Wao hawakuwa wabaya. Walikuwa watu wa kukiri. Ukivunja glasi unakiri. Ukisinzia kwenye sala unakiri, unaombewa, unakumbatiwa, na kesho yake mtu akikukumbusha ndiye anayeonekana mkosaji. Kitu kikikiriwa kimefungwa. Siku ile, na iliyofuata, na iliyofuata tena, walikaa baada ya ibada wakisubiri mtu atoke. Waliimba nyimbo za toba polepole, beti zote. Sisi watu wa dunia tulikaa nyuma tukitazamwa. Hakuna aliyekwenda kutazama ukingoni hata mara moja, na bata wakaendelea kushuka na kupungua.

Halafu asubuhi moja, katikati ya wimbo, mchumba wa mwenzangu akasimama. Akapita mbele. Mtu mkubwa yule, ameinamisha kichwa kama mtoto wa shule.

"Ni mimi," akasema. "Niliwala. Nisameheni."

Kanisa zima lilivunjika. Watu walilia, wakamkumbatia, Mama Mchungaji mwenyewe akamshika uso kwa mikono miwili. Mkuu alisema hajawahi kuona ujasiri kama huo kwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho mwenye kila kitu cha kupoteza. Adhabu yake ilikuwa nyepesi na ya haki: kwa kuwa anajua useremala, awajengee bata waliobaki banda. Na ubatizo ungekuwepo, Jumapili ya wiki inayofuata.

Mwenzangu hakulia. Mchana tulikuwa tunafua nguo kwenye karo nyuma ya bweni, akaendelea kufikicha kola moja mpaka nikadhani ataitoboa.

"Hajala bata hata mmoja," akasema. "Hata kuku hawezi kuchinja, anageuza uso."

"Basi kwa nini?"

"Unajua kwa nini."

Nilijua. Niliacha nguo kwenye povu. "Kama si yeye, nani anakula bata?"

"Waitu, niache," akasema, akinisihi kwa Kihaya chake. "Nabatizwa Jumapili."

Niliogopa siku ile, na niseme wazi, woga ule haukunitoka tena mpaka mwisho. Nilimfuata mchumba wake alipokuwa anapigilia mbao za banda, misumari mdomoni, akiimba kwa pua. Nikamwambia yote: kwamba najua amedanganya, kwamba mwizi halisi yuko chini ya yale magugu, na kwamba uongo wake umemfunika vizuri kuliko magugu yenyewe.

Alitoa misumari mdomoni. "Shemeji, nikisema leo kwamba sikula, nimekuwa mwongo mbele ya kanisa, na ubatizo umekwisha. Baba mkwe atasubiri mwaka mwingine?"

"Hatasubiri."

"Basi." Alifikiri kidogo, akalitazama Ziwa. Hakuwa mjinga. "Nitamwomba mkuu tuyaondoe magugu. Maji yakiwa wazi tutaona kila kitu. Na bata nawafungia huku juu. Hata kama kuna kitu, kikikosa chakula kitaondoka."

Ilikuwa na akili ukiisikiliza. Mkuu alikubali mara moja, kwa kuwa wageni walikuwa wanakuja na alitaka ufuko upendeze. Jioni nilikwenda kwake pia, nikamwamkia, nikakaribishwa chai, nikamwambia kwamba kwetu tunaweka uzio. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima kabisa. Akasema kutakuwa na watu wawili wenye fito ndefu ndani ya maji, na kwaya, na mamia ya watu ufukoni. Mnyama wa mwitu hukimbia kelele. Kisha akaniombea. Ungefanya nini na mtu wa namna hiyo?

Wakaondoa magugu. Waliingia na reki na kamba za katani, wanavua mashati, wanaimba, wanayaburuta nje kwa marundo, na yale ya mbele zaidi wakayazuia kwa magogo yaliyofungwa pamoja yakaelea kama kizingiti. Katikati pakabaki dimbwi wazi la maji, pana kama bwalo, limezungukwa na kijani. Ndoo za mapanki zikakatazwa; jiko likachimba shimo nyuma. Bata wakafungiwa bandani, wakapiga kelele kutwa nzima wakilitazama Ziwa kupitia upenyo wa mbao. Ufuko ukawa safi. Hapakuwa na mabaki tena, wala bata. Palikuwa na wachungaji tu.

Maana wiki nzima ile ilikuwa ya mazoezi. Kubatiza mtu kwa kuzamisha kuna ufundi wake, na wa mwaka wa mwisho walipimwa. Mwalimu wao wa vitendo alisimama ufukoni akiwa na filimbi. Anayebatiza anasimama maji yakiwa kiunoni, mkono mmoja mgongoni pa mbatizwa, mwingine juu ya mikono yake iliyokunjwa kifuani. Anatamka maneno, anamlaza chali mpaka maji yafunike kila kitu, anamwinua. Kikibaki kidole nje, wanarudia. Walizamishana wenyewe kwa wenyewe, zamu kwa zamu. Kwa kawaida sisi watu wa dunia tulikaa juu ya majabali tukiwapa maksi na kushangilia pale mmoja alipomdondosha mwenzake kabisa. Kulikuwa na mnene mmoja ambaye hakuna aliyeweza kumwinua, wakawa wanamwomba asimame mwenyewe.

Mwaka ule sikucheka. Kila siku rimu ya gari iliyokuwa kengele yetu ilipigwa baada ya chakula cha mchana, saa ile ile ndoo za mapanki zilipokuwa zikimwagwa zamani, na kila siku watu wakashuka kwa mstari mahali pale pale, wakaingia majini, wakapiga maji kwa miili yao. Nilikuwa natazama ukingo wa magugu nje ya magogo. Wakati mwingine ulicheza mahali ambapo upepo haukuwepo. Nilimwonyesha mmoja wa wenzangu, akasema ni kambare. Labda alikuwa kambare.

Mazoezi ya mwisho yalipokwisha, Jumamosi alasiri, nilishuka peke yangu mpaka pale bata walipokuwa wakilala zamani. Kwenye tope kulikuwa na alama pana, laini, kama ya gunia lililoburutwa kutoka majini na kurudishwa majini. Nikamwita mwalimu wa filimbi. Alikuja akaitazama, akanionyesha marundo ya magugu yaliyoburutwa pale pale wiki nzima. Kweli yalikuwa yameburutwa. Alama za marundo zilijaa kila mahali, na sikuweza kumthibitishia kwamba hii moja ilikuwa tofauti.

Mwenzangu yeye alikuwa na woga wa aina nyingine. Hakuwahi kuingia maji yaliyopita magoti. Kwao ni migomba na vilima, Ziwa ni kitu cha kuvuka kwa meli ukiwa umekaa ndani. Alichoogopa ni kule kulazwa chali, na yale magugu ya mbele yanayosogea. Alimwambia mchumba wake kwamba akiyaona atashindwa, atatoka mbio mbele ya watu wote.

"Hutayaona," mchumba wake akamjibu. Walikuwa wamekaa kwenye kibaraza cha bwalo, mimi nikiwa nao, tunakula karanga. "Desturi ni kusimama ubavu, wote wawili mnalitazama jabali. Mimi nitamwambia mwalimu nisimame upande wa nje. Ziwa litakuwa mgongoni kwangu. Wewe utaona sura yangu tu."

"Sura yenyewe hiyo?" nikasema.

Alicheka kile kicheko chake. Mwenzangu naye akacheka, kwa mara ya kwanza wiki ile, akamimina karanga zake kwenye kiganja cha mchumba wake.

Jumapili ilikuja na jua zuri. Walitoka kanisani kwa maandamano, wabatizwa na wabatizaji katika kanzu nyeupe, kwaya nyuma, wageni, wanakijiji, watoto juu ya majabali. Watu wawili wenye fito walitangulia wakaupiga uso wa maji huku na huku. Hakuna kilichotokea. Wabatizaji walifanya kazi yao mmoja mmoja, na kila mbatizwa alipoinuliwa, akipangusa macho, kwaya iliimba ubeti mmoja na ufuko mzima ukapiga vigelegele. Mwenzangu alikuwa wa mwisho. Mchumba wake aliomba iwe hivyo ili awaone wote waliomtangulia wakitoka salama. Nao walitoka salama, nikaanza kujiona mpumbavu, na nilifurahi mno kujiona hivyo.

Ikafika zamu yake. Aliingia akishika kanzu isielee, meno yameumana, macho hayabanduki usoni pa mchumba wake. Yeye alirudi kinyumenyume mbele yake, anamwongoza, mpaka maji yakamfika juu ya kiuno, pale karibu na magogo. Mwenye fito wa upande ule ilibidi ampishe, akasogea pembeni. Mchumba akasimama mgongo kwa Ziwa kama alivyoahidi. Alisema maneno yote, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, kwa sauti iliyofika mpaka kwetu, na alikuwa anatabasamu. Akamlaza.

Magogo yaliinuka nyuma yake. Kidogo tu, kama mtu aliyeinua blanketi kwa goti. Niliona mwili wake ukishtuka, nikaona uso wake ukigeuka kutafuta ufuko, na mikono yake, ile iliyopaswa kumwinua, ikamsukuma mwenzangu mbali kwa nguvu zote, huko huko chini ya maji, kuelekea kwetu. Kisha hakuwepo. Hakupiga kelele. Sikuwahi kumsikia mtu yule akikosa sauti isipokuwa siku ile.

Mwenzangu aliibuka peke yake, kwenye maji ya magotini, amefumba macho. Alijipangusa uso kama walivyofanya wote. Alikuwa anasubiri. Na kwaya, ambayo wengi wao walikuwa wanamtazama yeye, ikaanza kuimba.

Mimi ndiye niliyeingia kumtoa. Alikuwa bado anatabasamu nilipomshika mkono, akaniuliza, "Yuko wapi?"

Sitaeleza siku zilizofuata. Wavuvi walikuja na mitumbwi, baadaye watu wa maliasili wakaja na bunduki, na mamba akapatikana, mkubwa, mzee, nje kidogo ya magogo. Tulizika tulichoweza kuzika.

Baba wa mwenzangu alifika kwa meli siku moja kabla ya ibada ya kumbukumbu, maana safari yake ilikuwa imeshapangwa kwa ajili ya arusi na hakuna aliyempata kumzuia. Alikuwa mzee mwembamba, amevaa suti aliyoshonewa kwa sherehe. Hakuuliza habari za kuzamishwa. Alikaa kitandani kwangu, akamtazama binti yake akikunja nguo, akasema tu, "Pole, mama." Akarudia, "Pole, mama."

Kanisani tulikaa nyuma, watatu sisi, mwenzangu katikati. Mkuu alihubiri, na masikini, alikuwa ameumia kweli. Upara wake haukung'aa na sauti ilikatika. Alisema kanisa limepoteza kijana mwadilifu. Kama ushahidi akaeleza habari ya bata. Alisema kijana yule angeweza kunyamaza, hakuna ambaye angejua, lakini alisimama akasema ni mimi. Tumkumbuke, akasema, kama mtu aliyesema kweli.

Mwenzangu akasimama. Nilidhani anataka kutoka.

"Hakula bata," akasema. Hakupaza sauti, lakini kanisa lile la mawe lilikuwa dogo. "Alisema uongo, Mchungaji. Alisema uongo ili mnibatize."

Watu waligeuka mmoja mmoja, si kwa kelele, wakamtazama yeye, halafu wakanitazama mimi, halafu wakayatazama madirisha ya upande wa Ziwa. Nilikuwa na maneno mengi tayari mdomoni. Nilikuwa nimeyaandaa siku nyingi, makali, ya kuwaumiza: kwamba walikaa asubuhi zote zile wakiuliza nani ametenda dhambi, na hakuna aliyeuliza kuna nini majini. Niliyameza. Hawakuhitaji kuambiwa. Mama Mchungaji alikuwa ameshajifunika uso kwa kanga.

Baba yake alisimama, akachukua mfuko wa nguo, akamshika binti yake kiwiko kama anavyoshikwa mtu mgonjwa, wakatoka kwa mlango wa pembeni. Meli ya Bukoba ilikuwa inaondoka jioni ile. Niliwafuata kwa mbali.

Njia ya kwenda getini inapita kwenye banda. Bata walikuwemo wote, wazima, hakupungua hata mmoja tangu walipofungiwa, wakakimbilia mlangoni wakidhani wameletewa chakula. Mwenzangu akasimama. Mlango ule ulikuwa na komeo la waya ambalo mchumba wake alilisokota kwa mkono, na lilikuwa limelegea. Akaliinamia, akalisokota upya mpaka likakaza, akaujaribu mlango kwa kuusukuma, kisha akamfuata baba yake.